Mapatano ya Baghdad

Kabla ya mwaka 1960, nchi zilizojaliwa mafuta ardhini zilikuwa mithili ya mwenye shamba anayengoja dalali amwambie bei ya karafuu zake mwenyewe. Kwani makampuni makubwa ya Marekani na Ulaya ndiyo yaliyochimba, yaliyosafirisha na yaliyotangaza bei, na kwa kuwa kodi ya serikali ilihesabiwa kwa kuifuata bei hiyo, kila ilipopunguzwa, hazina za wenyeji zilipungukiwa bila ya wao kuulizwa rai.

Punguzo la Februari 1959 liliwasogeza pamoja watu wawili wa pande mbili za dunia: Juan Pablo Pérez Alfonzo, waziri wa mafuta wa Venezuela, na Abdullah al-Tariki, mkurugenzi wa mafuta wa Saudi Arabia, aliyesomea elimu ya miamba huko Texas. Mwezi Aprili, mkutano wa mafuta wa Waarabu ulipokuwa ukiendelea Cairo, wao na wajumbe wengine walijitenga faraghani katika kitongoji cha Maadi, wakaahidiana kushauriana. Ahadi ile haikuwa na nguvu ya sheria. Lakini Agosti 1960 makampuni yalipopunguza bei tena, ikapata nguvu ya ghadhabu, na kuanzia tarehe 10 hadi 14 Septemba wajumbe wa Iran, Iraq, Kuwait, Saudi Arabia na Venezuela wakakutana Baghdad, wakaasisi Jumuiya ya Nchi Zinazouza Mafuta Nje, ijulikanayo kwa ufupi kama OPEC.

Jumuiya ikaweka makao Geneva, ikahamia Vienna mwaka 1965, ikapokea wanachama wengine, miongoni mwao Libya, Aljeria na Naijeria. Kila nchi, kubwa kwa ndogo, ina kura moja, na jambo zito halipiti ila kwa ridhaa ya wote.

Tarehe 16 Oktoba 1973, nchi sita za Ghuba, zilipokutana Kuwait, zilipandisha bei zenyewe hadi dola 5.11 kwa pipa. Na ilipoingia Januari 1974 ilikuwa imefika dola 11.65. Haki ilikuwa imerudi kwa mwenye mali, lakini mzigo wa bei hiyo uliwaelemea pia maskini wasio na mafuta, Tanzania ikiwa mmoja wao. Na ni insafu kutaja kwamba mwaka 1976 wanachama walianzisha mfuko wa kuzisaidia nchi zinazoendelea.

Mtihani mkubwa zaidi ulikuwa wa kujizuia. Mwaka 1982 walianza kugawiana viwango vya uzalishaji, lakini tamaa ikawashinda baadhi yao, soko likafurika, na mwaka 1986 bei ikaporomoka. Hata hivyo Iran na Iraq, zilizopigana vita tangu 1980 hadi 1988, hazikutoka katika jumuiya. Lakini Angola ilijitoa mwanzoni mwa 2024 baada ya kutoridhika na kiwango ilichopangiwa, na kwa hiyo mawaziri wanapokutana leo, hawana budi kuyatafuta upya mapatano yale ya Baghdad, kila mmoja akikubali kuacha ardhini sehemu ya mali ambayo angeweza kuiuza.