Blackwing 602
Blackwing 602 ni penseli ya grafiti, yaani kaboni laini inayoacha alama ikisuguliwa kwenye karatasi, iliyoanza kutengenezwa Marekani na kampuni ya Eberhard Faber katika miaka ya 1930. Kiini chake huchanganya grafiti na udongo kama penseli nyingine, lakini huongezwa nta, hivyo huteleza kwa wepesi na kutoa weusi uliokolea bila kukandamizwa sana, sifa iliyomvutia mwandishi John Steinbeck. Kifutio chake, kilichoshikwa na kibanio bapa cha metali, huchomolewa na kubadilishwa. Uzalishaji ulipokoma mwaka 1998, akiba iliyosalia iliuzwa kwa bei isiyolingana kabisa na thamani ya penseli, hadi kampuni ya California Cedar Products ilipolirudisha sokoni jina la Blackwing mwaka 2010.