Afya ya Diski: Historia Fupi ya Istilahi za Onyo

Mfasiri anapokutana na programu inayotangaza hali ya diski ya kompyuta, neno linalomjia upesi ni "afya". Na diski isiyoonyesha kasoro huiita "nzima". Makala haya yanakusudia kuonyesha, kwa njia ya historia, kwamba neno "nzima" huahidi mengi kuliko mtambo wenyewe unavyojua.

Diski ya kwanza ya sumaku kuuzwa pamoja na kompyuta ilitolewa na IBM mwaka 1956. Ilikuwa na sahani 50 zenye upana wa inchi 24, nayo ilihifadhi herufi zipatazo milioni 5. Kwa miaka mingi baadaye, diski ilipokufa ilikufa bila kuaga. Mwaka 1992 IBM ilitoa diski zilizojipima zenyewe, zikatoa jibu moja kati ya mawili: ama hali ni njema, ama diski yaelekea kuharibika. Mwaka 1995 Compaq iliwasilisha mfumo wake kwa kamati ya viwango, na kutokana nao ukapatikana mfumo wa pamoja uitwao SMART, yaani teknolojia ya kujichunguza, kuchanganua na kutoa taarifa. Katika jina hilo hamna kuagua. Tena kila mtengenezaji aliachiwa uhuru wa kuchagua vipimo na vikomo vyake.

Hapa ndipo utata wa istilahi unapoanza. Kila kipimo huonyeshwa kwa tarakimu mbili: tarakimu ghafi na tarakimu iliyosawazishwa. Hii ya pili aghalabu huanza juu, kwa mfano 100, ikashuka kadiri hali inavyozorota. Ikifika kwenye kikomo, onyo hutolewa. Kwa hiyo anayeona 100 kwenye mstari wa joto asidhani kwamba diski inachemka. Nyuzi zenyewe, tuseme 38, kwa kawaida zimo katika tarakimu ghafi. Mfasiri akiziita zote mbili "thamani", amempotosha msomaji.

Mwaka 2007 watafiti wa Google walichapisha uchunguzi wa diski zaidi ya 100,000. Zaidi ya nusu ya zile zilizoharibika hazikuwa zimeonyesha hata moja ya dalili nne kuu. Joto nalo, linaloogopwa sana, lilionekana kuwa na uhusiano mdogo na uharibifu, isipokuwa lilipokuwa juu mno. Lakini diski iliyopatikana na kosa la kwanza katika kujikagua ilikuwa na uwezekano wa kuharibika katika siku 60 mara 39 kuliko isiyo na kosa.

Kwa hiyo hatuna budi kutofautisha "kipimo", "dalili" na "onyo". Mahali pa "nzima" yafaa tuandike "hakuna dalili iliyoonekana", kwani kimya cha diski si ushahidi wa uzima. Mwalimu aliyehifadhi alama za wanafunzi mahali pamoja tu, akiambiwa diski yake ni nzima, hatanakili kitu. Na kesho yake neno letu ndilo litakalokuwa limemponza.