Eneo Bunge la Lamu Mashariki: Historia, Idadi ya Watu na Hatima ya Uwakilishi

Makala haya yanachunguza historia ya eneo bunge la Lamu Mashariki, lililo kaskazini kabisa mwa pwani ya Kenya. Hoja kuu ni kwamba uchache wa wakazi wake, ambao ndio unaolitia hatarini eneo bunge hilo, ni zao la historia ya kisiasa; kwa hivyo haifai kuupima kwa hesabu peke yake.

Lamu Mashariki lina wadi tatu: Faza, Kiunga na Basuba. Linajumuisha visiwa vya Pate, Ndau na Kiwayu pamoja na ukanda wa bara unaofika mpaka wa Somalia. Msafiri atokaye mji wa Amu kuelekea Pate hupita katika mlango wa Mkanda, ambao vyombo vikubwa hulazimika kuusubiri maji yajae. Wakati wa kusi, bahari ya nje huchafuka na safari hupungua.

Upweke huo haukuwapo tangu jadi. Pate, chini ya watawala wa ukoo wa Nabahani, ilikuwa dola yenye nguvu, na Siyu ilisifika kwa wanazuoni na mafundi wake. Hata hivyo, nguvu hizo zilidhoofishwa hatua kwa hatua. Faza iliteketezwa na Wareno mwaka 1587. Pate ilishindwa na Amu katika vita vya Shela mwanzoni mwa karne ya 19. Siyu, iliyoyarudisha nyuma majeshi ya Seyyid Said katika miaka ya 1840, ilisalimu amri kwa Sultani Majid mwaka 1863. Baada ya Waingereza kutwaa utawala wa ukanda wa pwani mwaka 1895, ofisi za serikali ziliwekwa Amu. Tangu hapo, mwenyeji wa Pate alilazimika kuvuka maji ili kusikilizwa.

Pigo lililofuata lilikuja baada ya uhuru. Katika vita vya shifta vya miaka ya 1960, vijiji vingi vya Wabajuni vya bara vilihamwa. Wakazi walikimbilia visiwani, Malindi na Mombasa, na wengi hawakurejea. Kuanzia mwaka 2015, operesheni ya kijeshi katika msitu wa Boni ilizidi kuyabana maisha ya Waboni wa Basuba.

Matokeo yake yanaonekana katika takwimu. Sensa ya mwaka 2009 ilihesabu watu 18,841 katika Lamu Mashariki, ilhali wastani wa kitaifa kwa kila moja ya maeneo bunge 290 ulikuwa takriban 133,000. Mwaka 2019 wakazi walifika 22,258, lakini wastani nao ulipanda hadi takriban 164,000. Ibara ya 89 ya Katiba ya mwaka 2010 inaruhusu eneo lenye watu wachache kupungukiwa na wastani kwa asilimia 40 pekee. Historia, utamaduni na njia za mawasiliano huzingatiwa ndani ya kiwango hicho, si nje yake. Lamu Mashariki halikaribii hata robo ya wastani.

Kilicholinusuru katika mapitio ya mipaka ya mwaka 2012 ni kipengele cha mpito katika Jedwali la Sita, kilichokataza kufutwa kwa eneo bunge lolote lililokuwapo. Kinga hiyo ilihusu mapitio ya kwanza tu. Muda wa miaka 12 uliowekwa kwa mapitio yaliyofuata ulitimia Machi 2024, tume ikiwa haina makamishna. Kwa hivyo swali limeahirishwa, halijajibiwa.

Kaunti nzima ya Lamu, yenye watu 143,920, haifikii wastani wa eneo bunge moja. Sehemu mbili zake zikiunganishwa, wakazi wa Lamu Mashariki watakuwa takriban asilimia 15 ya wote. Mbunge ataweza kuchaguliwa bila kura hata moja ya Pate. Hasara haitaishia kwenye kiti. Tangu Hazina ya Maendeleo ya Maeneo Bunge ilipoanzishwa mwaka 2003, robo tatu za fedha zake ziligawanywa sawa kwa kila eneo bunge. Hadhi ya kuwa eneo bunge ikawa pia haki ya bajeti.

Mataifa mengine yamekabili tatizo hili waziwazi. Uingereza, kwa sheria ya mwaka 2011, ilivitenga visiwa vya magharibi vya Uskoti, vyenye wapiga kura takriban 21,000, na kanuni ya usawa wa idadi. Kinga hiyo imeandikwa katika sheria ya kudumu, haitegemei kipengele cha mpito.

Usawa wa kura ni msingi wa demokrasia, na mkazi wa Nairobi ana haki ya kuuliza kwa nini kura yake iwe na uzito mdogo. Hata hivyo, kanuni inayohesabu waliobaki bila kuuliza kwa nini wengine waliondoka huwaadhibu watu kwa kufukuzwa kwao. Makala yanapendekeza kwamba Bunge la Kenya liamue kwa marekebisho ya Katiba, kabla ya mapitio yajayo, iwapo maeneo ya visiwani yatapewa kinga ya kudumu. Kunyamaza nako ni uamuzi, na gharama yake italipwa Faza, Kiunga na Basuba.