Chama kilivunjika, mkutano ukabaki: Wakutubi wa Afrika Mashariki na safari yao

Mwaka 1978 haukuwa mwaka wa kualikana. Mpaka wa Tanzania na Kenya ulikuwa umefungwa tangu Februari 1977. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilikuwa imekufa na mali zake zinagombewa. Oktoba majeshi ya Idi Amin yakaingia Kagera, Tanzania na Uganda zikawa vitani. Katika mwaka huohuo, jijini Nairobi, wakutubi wa mashariki, kati na kusini mwa Afrika walifanya mkutano wao wa tatu, kwa zamu ileile waliyokuwa wamekubaliana.

Wa kwanza walikuwa wameufanya Dar es Salaam mwaka 1974, wa pili Lusaka mwaka 1976. Baada ya Nairobi waliendelea, kila baada ya miaka miwili, nchi hii hadi nchi ile, kwa miongo mingi. Reli ya pamoja, bandari za pamoja na shirika la ndege la pamoja havikuivuka miaka ya 1970. Mkutano wa watu wanaopanga vitabu kwenye rafu ulivuka. Kuna sababu, na sababu hizo zina mafunzo kwa kila chama cha kitaaluma kinachohangaika leo kukusanya ada za wanachama wake.

Masanduku ya Nairobi

Maktaba za umma katika ukanda huu zilianza kwa hisani ya watu binafsi na kwa ubaguzi wa serikali. Mombasa ilipata maktaba ya Seif bin Salim mwaka 1903, sadaka ya familia ya Kiarabu iliyotoa maliwali. Nairobi ilipata McMillan Memorial Library mwaka 1931, jengo la nguzo nene na simba wa mawe mlangoni, na kwa miongo kadhaa Mwafrika hakuruhusiwa kuketi humo akasoma.

Mabadiliko yalianza mwaka 1948 ilipoundwa East African Literature Bureau, yenye makao yake Nairobi, kuzihudumia Kenya, Uganda, Tanganyika na Zanzibar. Kazi yake iliyojulikana zaidi ni kuchapisha vitabu, vikiwemo vya Kiswahili. Lakini ilikuwa na kazi nyingine, ya kumfikishia kitabu mtu aliye mbali na mji. Ilifanya hivyo kwa njia tatu: kwa posta, kwa gari, na kwa sanduku.

Sanduku hilo ndilo lililofika mbali kuliko vyote. Lilijazwa vitabu vilivyochaguliwa, likafungwa, likapelekwa shuleni au kwenye ukumbi wa maendeleo, likakabidhiwa mwalimu au karani ambaye hakuwa amesomea ukutubi. Huyo ndiye aliyeandika jina la muazimaji na tarehe ya kurudisha. Vitabu vikishasomwa, sanduku lilirudi na jingine likaja. Kwa watu wengi wa bara, maktaba ya kwanza waliyoiona ilikuwa na mfuniko badala ya mlango.

Chama cha nchi tatu

Wasimamizi wa huduma hizo, pamoja na wenzao wa chuo cha Makerere, wa idara za serikali na wa manispaa, ndio walioanzisha Chama cha Maktaba cha Afrika Mashariki katikati ya miaka ya 1950. Wanachama walikuwa wachache, na wengi wao hawakuwa Waafrika, kwa sababu iliyo wazi: hapakuwa na pa kusomea. Aliyetaka kutambuliwa kuwa mkutubi alifanya mitihani ya chama cha wakutubi cha Uingereza, ama kwa kujisomea kwa barua baada ya saa za kazi, ama kwa kupata ufadhili wa kwenda huko.

Katika hali hiyo, chama kilikuwa na thamani moja kubwa kuliko zote, nayo ni habari. Mkutubi mmoja wa Mwanza au Kisumu hakuwa na mwenzake wa taaluma katika mji mzima. Nani ameajiriwa wapi, ufadhili gani umetangazwa, chuo gani kinapokea waombaji, maktaba gani ina nakala za ziada inazotaka kubadilishana: hayo yote aliyapata kupitia chama au hakuyapata kabisa. Ndiyo maana mwanzoni mwa miaka ya 1960 chama kilianza kutoa jarida lake, lenye makala za wanachama na habari za maktaba za nchi zote tatu. Lilikuwa jarida dogo, lakini kwa mtu aliyekuwa peke yake kituoni lilikuwa ndilo baraza lake.

Miaka hiyo ilikuwa ya neema. Mwaka 1960 S. W. Hockey, aliyekuwa akisimamia maktaba katika East African Literature Bureau, alitoa ripoti iliyoshauri kila nchi iwe na bodi yake ya maktaba, yenye sheria yake na fungu lake la fedha. Serikali za uhuru ziliuchukua ushauri huo bila kuchelewa. Tanganyika ilitunga sheria ya bodi ya huduma za maktaba mwaka 1963, Uganda ikafuata mwaka 1964, Kenya mwaka 1965. Mwaka huohuo wa 1963, kwa msaada wa UNESCO, Makerere ilifungua Shule ya Ukutubi ya Afrika Mashariki. Sasa kijana wa Tabora au Nyeri angeweza kusomea kazi hii bila kupanda meli.

Matunda yalionekana upesi. Desemba 1967 Mwalimu Nyerere alifungua Maktaba Kuu ya Taifa Dar es Salaam, kando ya barabara ambayo leo inaitwa Bibi Titi Mohamed. Miaka michache baadaye uongozi wa huduma za maktaba Tanzania ulishikwa na Mtanzania, Ezekiel Kaungamno. Kizazi cha kwanza cha wakutubi Waafrika kilikuwa kimeingia ofisini, na wengi wao walikuwa wamekaa darasa moja Makerere, bila kujali nani ametoka nchi gani.

Mafanikio yaliyokivunja

Ajabu ni kwamba mafanikio hayo ndiyo yaliyokidhoofisha chama. Kabla ya uhuru, mkutubi wa Kampala na wa Nairobi walikuwa na ofisi moja ya kuilalamikia. Baada ya sheria zile tatu, kila mmoja alikuwa na bodi yake, waziri wake na bajeti yake. Chama cha nchi tatu hakikuwa tena na serikali moja ya kuzungumza nayo. Katikati ya miaka ya 1960 kilijipanga upya kwa matawi ya kitaifa, na kama ilivyo kawaida, tawi lililo karibu na waziri likawa na uzito kuliko makao makuu yaliyo ng'ambo ya mpaka.

Siasa zikamaliza kazi. Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki kiligawanywa mwaka 1970, na Dar es Salaam, Nairobi na Makerere vikawa vyuo vikuu vitatu. Januari 1971 Amin alipindua serikali ya Uganda, na Nyerere akakataa kuketi naye meza moja. Mwaka 1972 Waasia wakafukuzwa Uganda. Chama kikavunjwa mwanzoni mwa muongo huo, na vikazaliwa vitatu: cha Uganda, cha Kenya na cha Tanzania. Kila kimoja kilijitafutia sauti yake. Kenya ilianza kuchapisha jarida liitwalo Maktaba mwaka 1974, na la Tanzania lilijulikana kwa jina la Someni.

Pengine hakuna aliyestahili lawama kwa kuvunjika huko. Lakini hasara ilionekana mara moja. Vyama vitatu vidogo vilikuwa na watu walewale waliojuana tangu Makerere, shida zilezile za vitabu na fedha, na sasa hawakuwa na mahali pa kukutana.

Mgeni njoo, mwenyeji apone

Jibu lilipatikana Dar es Salaam mwaka 1974. Badala ya kufufua chama cha nchi tatu, wakutubi waliamua kuwa na mkutano wa kudumu, na wakaupanua hadi nchi za kati na kusini mwa Afrika. Unajulikana kwa kifupi cha SCECSAL. Baada ya muda ulikusanya vyama vya nchi kumi na mbili: Afrika Kusini, Botswana, Eswatini, Kenya, Lesotho, Malawi, Mauritius, Namibia, Tanzania, Uganda, Zambia na Zimbabwe.

Ubora wa mpango huo uko katika mambo ambayo haukuwa nayo. Haukuwa na jengo la makao makuu, haukuwa na rasilimali za kugawana, wala haukumtegemea rais yeyote kuweka saini. Chama cha nchi mwenyeji kilibeba sekretarieti, kikaandaa mkutano, kikachapisha mada zilizowasilishwa, kisha mzigo ukaenda kwa mwingine. Jumuiya ilipovunjika mwaka 1977, ndege na mabehewa vilikuwa na wagombeaji. Zamu ya kuwakaribisha wageni haikuwa na mgombeaji, ilikuwa na mwenyeji tu.

Na mwenyeji alipata. Chama kilichokuwa kimelala miaka mingi kililazimika kuamka: kuhesabu wanachama, kudai ada, kuunda kamati, kubisha hodi wizarani, kuomba ukumbi. Vijana waliokuwa wakipanga kadi za katalogi walisimama mbele ya wenzao wa nchi nyingine na kusoma mada. Waliosikilizwa vizuri waliitwa kwingine. Nafasi nyingi za masomo, za kazi na za kubadilishana watumishi huanzia kwenye foleni ya chai ya mikutano ya namna hii, kabla hazijatangazwa popote.

Faida ya uzoefu huo ilionekana Agosti 1984. Shirikisho la kimataifa la vyama vya maktaba, IFLA, lililoanzishwa mwaka 1927, lilifanya mkutano wake mkuu wa 50 jijini Nairobi, wa kwanza kwa Afrika kusini mwa Sahara. Mpaka wa Tanzania na Kenya ulikuwa umefunguliwa tena mwaka mmoja tu kabla.

Shule nazo ziliongezeka. Chuo Kikuu cha Moi, Eldoret, kilianzisha mafunzo ya sayansi ya habari mwaka 1988. Tanzania ilifungua chuo cha ukutubi na uhifadhi wa nyaraka Bagamoyo mwaka 1989. Huduma pia ilirudi kwenye mbinu ya zamani kwa sura mpya. Mwaka 1996 huduma ya taifa ya maktaba ya Kenya ilianza kuwapelekea vitabu wafugaji wa Garissa kwa ngamia. Ngamia mmoja alibeba masanduku mawili, kila moja likiwa na vitabu 200, na mwingine akabeba hema. Walipofika, masanduku yaliteremshwa, hema likasimamishwa, mikeka ikatandikwa, na watoto wakaanza kuchagua. Mtumishi wa miaka ya 1950 angelitambua sanduku lile mara moja.

Habari nyingi, wanachama wachache

Leo mkutubi hana njaa ya habari kama babu zake wa taaluma. Matangazo ya ufadhili na ya kazi yanamfuata kwenye simu. Vyuo vikuu vimeungana katika miungano ya kitaifa ya kununua majarida ya kielektroniki kwa pamoja, kwa kuwa hakuna maktaba moja inayomudu bei zake. Tangu mwaka 2013 kuna AfLIA, muungano wa vyama na taasisi za maktaba barani, wenye ofisi zake Accra, ambao unatoa mafunzo na ulifanya mkutano wake wa tatu Nairobi mwaka 2019.

Hatari ya sasa ni nyingine. Mtu anaweza kupokea tangazo la ufadhili kutoka Accra au ng'ambo bila kuwa mwanachama wa chochote nyumbani kwake, na wengi wameridhika hivyo. Lakini tangazo halimwandikii mtu barua ya utambulisho. Halisimami mbele ya kamati ya bunge kueleza kwa nini shule mpya ijengwe na maktaba, wala halimtetei mkutubi anayehamishiwa masjala kwa sababu mkuu wa idara haoni tofauti. Kazi hizo hufanywa na chama chenye wanachama wanaojulikana kwa majina na waliolipa.

Historia hii inaonyesha pia kwamba ukubwa si hoja. Chama cha nchi tatu kilikuwa na jina zito, kikavunjika siasa zilipochafuka. Mkutano wa kila miaka miwili ulikuwa mpango mwepesi, ukapita katikati ya vita, kwa kuwa kila chama kilijua zamu yake na watu walikuwa wakitazamiana.

Basi, wewe uliye nyuma ya dawati la maktaba ya wilaya, ya shule au ya chuo, lipa ada ya mwaka huu na uombe risiti. Andika kurasa mbili juu ya kazi unayoifanya, uzipeleke kwa katibu wa chama chako kabla ya mkutano ujao. Na kama kabatini mwako yamebaki majarida ya chama ya miaka ya 1960 na 1970, usiyatupe kupisha kompyuta: yaandikishe, uyatunze, na uwajulishe wenzako kwamba yapo. Wakutubi wametunza historia ya kila mtu. Wakati umefika waitunze na ya kwao.