Anwani

Neno anwani, lililotoka Kiarabu, hubeba maana mbili: jina la kitabu au makala, na maelekezo ya mahali mtu au kitu kilipo. Kompyuta kubwa za IBM, ukoo wa System/360 uliotangazwa mwaka 1964, zililitambua faili kwa maana ya kwanza: jina lisilozidi herufi 44, lenye nukta katikati. Mahali lilipo faili palitafutwa na mfumo.

Anwani za wavuti, zilizowekewa kanuni mwaka 1994, hutaja mahali waziwazi.

Je, programu kongwe ya kompyuta hizo za IBM, iliyoandikwa kwa lugha ya COBOL, itazielewa anwani hizi? Haihitaji, na huo ndio uhodari wa waliobuni kompyuta hizo. Programu hutaja lakabu fupi tu; maagizo ya kazi, yanayoandikwa nje yake, ndiyo huunganisha lakabu na faili halisi. Basi mfumo mdogo ukiwekwa katikati, ukapokea anwani ya wavuti, ukavuta data na kugeuza herufi zake ziwe katika EBCDIC, usimbaji wa herufi wa kompyuta hizo, programu ya miaka ya 1970 husoma rekodi moja moja kama kawaida, bila kubadilishwa.

Basi, watafsiri wa istilahi za kompyuta, andikeni “anwani” kwa maana zote mbili. Neno hili linatosha.