Baada ya kuvua sare: askari mstaafu ahamie wapi, na kwa nini Mucojo ni jibu gumu

Kwa askari wengi wa Msumbiji, maisha ya uraia yalianza kwa swali moja la ofisini: unakwenda kuishi wilaya gani? Ndivyo ilivyokuwa mwaka 1994, wakati Umoja wa Mataifa ulipolivunja jeshi la Serikali na lile la Renamo kufuatia Mapatano ya Roma ya tarehe 4 Oktoba 1992. Watu 78,078 waliachishwa jeshi: 57,540 wa Serikali na 20,538 wa Renamo. Kila mmoja alitaja wilaya, akapewa usafiri wa kumfikisha huko, yeye na jamaa zake.

Jibu hilo lilikuwa na uzito kuliko lilivyoonekana, kwa kuwa fedha zilimfuata askari mahali alipopataja. Serikali ililipa malipo ya miezi 6, na wafadhili wakaongeza ya miezi 18, yakitolewa kupitia benki. Kwa hiyo aliyechagua kijiji cha pwani kilicho mbali na benki alichagua pia safari ya kuzifuata fedha zake. Kutoka Mucojo hadi mji wa Macomia, makao ya wilaya, ni yapata kilomita 40 za barabara ya vumbi, ambayo wakati wa masika hugeuka tope.

Wilaya hiyo hiyo ya Macomia ilikuwa na wastaafu wa vita vya awali. Chai, mahali palipolia risasi za kwanza za vita vya ukombozi tarehe 25 Septemba 1964, pamo ndani yake. Baada ya uhuru wa 1975 wapiganaji wengi wa Frelimo waliingia katika vijiji vya ujamaa vilivyoanzishwa na Serikali, na hapo uchaguzi haukuwa wa mtu peke yake. Sheria ya 16 ya mwaka 2011 ndiyo iliyokuja kuwaweka katika hadhi moja ya wapiganaji wa zamani wale wa vita vya ukombozi na wale wa vita vilivyofuata, pande zote mbili.

Ni kipi basi kilichomvuta mtu arudi Mucojo? Kwanza, jamaa. Mmwani aliyetumika Maputo au Tete miaka mingi hujua kwamba kwao ataitwa kwa jina la babu yake, na hatahitaji mkalimani. Pili, minazi na bahari. Pangane, iliyo jirani, inajulikana kwa minazi yake na kwa wavuvi wanaokuja kupiga dago kufuata samaki. Hata hivyo bahari haimtambui mtu kwa cheo. Aliyeondoka kijana wa miaka 18 na kurudi akiwa na mvi hana tena mikono ya kuvuta jarife wala hakumbuki majira ya kusi na kaskazi kama wenzake waliobaki. Wengi wa namna hiyo hununua chombo na kuwapa vijana wa ukoo wakavue, kisha wakagawana mapato. Mpango huo ni mzuri endapo vijana wenyewe wapo.

Tangu tarehe 5 Oktoba 2017, vita vilipoanzia Mocímboa da Praia, hesabu hiyo yote imevurugika. Kimbunga Kenneth kiliipiga pwani ya Macomia tarehe 25 Aprili 2019 na kuvunja nyumba na minazi. Mashambulizi ya mwaka 2020 yaliwatoa watu wa Mucojo makwao. Wengi walisafiri kwa mashua hadi visiwani na Paquitequete, mtaa wa pwani wa Pemba. Januari 2024 waasi waliingia Mucojo tena na kukaa humo kwa muda. Raia wa kawaida anaporudi huhofia mali na roho yake. Mstaafu ana hofu ya ziada, kwani jirani wanajua alikuwa nani, na habari ya aina hiyo haifichiki kijijini. Baadhi ya wapiganaji wa zamani, hasa wa Mueda, Muidumbe, Nangade na Macomia, wameshika tena silaha katika Kikosi cha Wenyeji. Hao hawakustaafu kikweli.

Wanaotaka utulivu huangalia kusini: Pemba, Metuge au Montepuez. Pemba ina benki, hospitali na Wamwani wenzao, ila kiwanja ni ghali na nyumba zimejaa wageni. Montepuez ina ardhi ya kulima, lakini ni bara. Tusidharau pia suala la benki: mji wa Mocímboa da Praia uliposhambuliwa Machi 2020, benki zake zilikuwa miongoni mwa majengo yaliyoharibiwa. Zaidi ya hayo, mwenye pensheni hutakiwa kila mwaka kuthibitisha kwamba yu hai, jambo linalohitaji ofisi iliyo wazi na njia inayopitika.

Linalobaki ni ardhi aliyoiacha. Kwa Sheria ya Ardhi ya 1997, ardhi yote ni mali ya Serikali, na mwananchi hupata haki ya kuitumia. Haki hiyo hupatikana kwa kukaa kwa kufuata mila za wenyeji, au kwa kukaa kwa nia njema miaka 10, na kukosa hati hakuifuti. Izingatiwe tu kwamba mita 100 kutoka maji makuu ya bahari ni eneo la hifadhi, ambamo haki ya namna hiyo haipatikani. Pahitajika kibali maalumu. Onyo hili linawahusu hasa wanaoota kujenga ufukweni.

Pale pasipo na hati, sheria inakubali ushahidi wa wanajamii. Mashahidi wa kiwanja cha Mucojo leo wametawanyika: mzee mmoja yuko kambini Metuge, mwingine Paquitequete, wa tatu amekwishafariki. Mstaafu aliyeamua kuishi Pemba, lakini hataki kuupoteza uwanja wa baba yake, ana kazi ya kufanya mapema: kuwatafuta wazee waliobaki, kuandika mipaka kwa kutaja miti na majirani, na kuomba maandishi hayo yatiwe sahihi mbele ya uongozi wa mahali.