Wosia wa Geoffroi de Charny kwa Askari Farasi Vijana

Miongoni mwa maandishi ya karne ya 14 yaliyokusudiwa kumwandaa kijana wa kikabaila kwa vita, yale ya Geoffroi de Charny wa Ufaransa yana uzito wa pekee, kwani mwandishi wake alikuwa ameyaonja aliyoyaandika. Alitekwa na Waingereza huko Morlaix mwaka 1342; akatekwa tena huko Calais mwanzoni mwa mwaka 1350, alipojaribu kuutwaa mji huo kwa rushwa ilhali mapatano ya kusitisha vita yangali yakidumu.

Katika kitabu chake cha maadili ya askari farasi, Charny ayapanga matendo ya silaha kwa daraja. Mchuano wa watu wawili kwa mikuki una sifa. Mashindano ya makundi yana sifa zaidi. Vita vyenyewe vyapita vyote. Kijana ashauriwa awatazame na kuwasikiliza wazoefu, kisha aende mwenyewe.

Hata hivyo, kazi yake nyingine yastahili kuchunguzwa zaidi. Aliiandika kwa ajili ya Chama cha Nyota, kilichoundwa na Mfalme Jean II mwishoni mwa mwaka 1351. Kazi hiyo ni maswali zaidi ya 130: kwa mfano, kama mshindi wa mchuano astahili kumtwaa farasi wa mpinzani aliyeangushwa, au mateka ana haki gani mbele ya aliyemteka. Majibu hayamo. Yaelekea wanachama walitarajiwa kuyajadili wenyewe.

Lakini chama hichohicho kilikuwa na jibu moja lisilojadiliwa. Kwa mujibu wa Jean le Bel, mwandishi wa tarehe wa zama hizo, wanachama waliapa kutorudi nyuma vitani kupita umbali mfupi uliowekwa. Mwezi Agosti 1352, huko Mauron katika Bretagne, wengi wao waliuawa, na le Bel alikitaja kiapo hicho kuwa sababu.

Hapa ndipo penye kiini cha suala. Swali humwachia kijana akili yake uwanjani. Kiapo humwamulia kabla hajamwona adui. Charny alizifahamu njia zote mbili, na mwisho wake ulifuata ile ya pili: tarehe 19 Septemba 1356, huko Poitiers, aliuawa akiishika Oriflamme, bendera ya vita ya wafalme wa Ufaransa. Siku hiyo mfalme wake alitekwa.